Hodi Tatu

Kompyuta yenyewe niliinunua shule ilipofungwa,
pauni kumi na tano, kitufe cha M hakipo.
Nimeilaza juu ya friji, ghorofa ya pili,
Dundee, ambako mvua haina haja ya kunyesha
ili kuta zilowe.

Nasibu alinisomea maelekezo huku akitafuna mkate:
Mama, ipe anwani isiyohama.
Nikacheka. Nimehama mara saba,
leo natakiwa kukipa chuma
kitu ambacho mwenyewe sijakipata.
Nikaiandika, tarakimu kwa tarakimu.
Kisha ruta: fungua mlango mmoja tu, wa ishirini na mbili,
mingine yote komea.
Nikaunda folda, nikaiita POKEA.
Majina kumi na moja, nywila kumi na moja,
nikazinakili nyuma ya mfuko wa unga
na kuzipandisha ngazi kwa miguu.

Maana kazi ni hii:
simu kuukuu, kioo kimepasuka, haina laini,
imepewa kipima unyevu cha bei ya mikate mitatu,
vimekaa pamoja nyuma ya kabati.
Kila saa kipimo kinasoma, simu inaandika,
simu inakuja mlangoni.
Hodi. Jina? Tesfalem. Neno la siri? Lipo.
Karibu, weka mzigo hapo, nenda salama.
Sabini na nane. Themanini na moja.
Chumba cha watoto, saa tisa usiku:
themanini na sita.

Bwana wa halmashauri alikuja mara moja, Julai,
akagusa ukuta kwa kidole, kikatoka kikavu.
Akaandika: wapangaji wafungue madirisha,
wafunike sufuria wanapopika.
Hakungoja Novemba. Folda inangoja.

Wiki ya kwanza nilisoma kumbukumbu za mlango, nikashtuka.
Watu nisiowajua, toka miji nisiyoijua,
walibisha mara mia nne na kumi kwa usiku mmoja,
wakijiita mkuu, wakijiita mgeni, wakijiita jaribio,
wakibahatisha moja mbili tatu nne.
Kumbe hata juu ya friji pana njia ya wapitaji.

Nilikolelewa, hodi ni tatu.
Ya tatu isipoitikiwa, geuka,
hata kama unasikia kijiko kinalia ndani.
Nikaifunza mashine adabu hiyo hiyo:
atakayekosea mara tatu, afungiwe siku nzima.
Usiku ule nililala.

Desemba, folda ya Bi Moira Gillespie ikanyamaza.
Jumanne, saa nne usiku, themanini na tisa,
halafu basi.
Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikakagua nywila.
Nikaulaumu waya, nikamlaumu Nasibu.
Alhamisi nikavaa koti juu ya kanga, nikapanda hadi ya nane,
lifti ikiwa na karatasi yake ileile ya samahani.
Hodi ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu.
Adabu ikasema: shuka.

Nikabisha ya nne.

Alifungua amejitanda blanketi, mkononi taa ya baiskeli.
Pesa ya mita iliisha Jumanne, akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchelewesha kazi.
Nyuma yake ukuta uling'aa kama mgongo wa kambare.

Nikamshusha kwangu, nikamkalisha karibu na oveni.
Akanywa chai ya tangawizi, akakunja uso, akaomba nyingine.
Nami kwa mkono,
nikibonyeza kichuguu cha mpira pale M ilipokuwa,
nikaandika faili lake lililokosekana:

Ghorofa ya nane, mlango wa tatu.
Unyevu: haukupimwa.
Mita ya umeme: sifuri.
Mtu: yupo.